Tumbo la Dagaa na Kofia ya Mzee Kasanda

Vijana wangu wa Gungu, mmeniomba niwaandikie "safari yangu ya uigizaji" mpate kuisoma kwenye mazoezi yenu. Mmesema safari, mtu akisikia atadhani nilifika mahali. Juzi mlikuwa mkimtazama kwenye simu yule mwigizaji wa Kimarekani, mmoja wenu akasoma kwamba bwana yule amefanya kazi katika sinema, katika televisheni na jukwaani, nanyi wote mkaguna kwa heshima. Mimi nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa natafuna muhogo. Sasa nimeshameza, nasema: na mimi nimefanya vyote vitatu, tena bila kutoka mkoa wa Kigoma.

Tuanze na sinema, maana ni fupi. Miaka ile Ujamaa ulipokuwa bado mpya, walikuja watu na kamera kupiga picha za vikundi vya utamaduni, wakatukuta Ujiji tunacheza. Filamu ilipoletwa kuonyeshwa, nilimwalika mke wangu, mama mkwe wangu na majirani wawili wa Buzebazeba ambao siku zote walikuwa wakiniona mwongo. Tukakaa mbele kabisa. Nikaonekana kwa muda wa kupiga chafya mbili, kwa nyuma, nimeinama, naokota mto wa tumbo langu la bandia ulionidondoka. Mama mkwe akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Suruali ile naijua." Kisha filamu ikaendelea na habari za pamba.

Televisheni nayo ina kisa chake. Bara hatukuwa nayo wakati huo, wengi wetu tulikuwa tumeisikia kwa jina tu. Lakini katika mchezo wetu mmoja alikuwamo tajiri mnyonyaji aliyejaa mali mpaka akaagiza televisheni kutoka ng'ambo. Tulichukua katoni la sabuni, tukalitoboa dirisha, na mimi, mgeni katika kikundi, nikaingizwa kichwa kwa nyuma niwe msoma habari. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya kwanza katika sanaa. Tulipocheza katika kijiji kimoja cha kusini huko mwambao wa ziwa, mzee mmoja alisimama mchezo ukiwa katikati.

"Samahani, wanangu. Huyo kijana amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, mzee. Hiyo ni televisheni."

"Sikuuliza anaitwaje. Nauliza kosa lake."

Watu wakamuunga mkono. Mama mmoja akasema hata mbuzi hafungwi shingo namna ile. Ikabidi nitolewe kwenye katoni mbele ya umma, nipewe maji, ndipo mchezo uendelee. Tajiri wetu alimaliza jioni ile akitazama katoni tupu na kusifia picha zake. Basi hiyo ndiyo televisheni yangu.

Limebaki jukwaa, na huko nilikaa miaka zaidi ya ishirini. Nitawaambia mapema nilichokuwa nakitafuta muda wote huo, msije mkahangaika kukisaka katikati ya maneno yangu mengi. Sikutafuta umaarufu. Nilikuwa nataka neno moja, "vizuri," kutoka kwa mtu mmoja, Mzee Kasanda. Nililitaka kwa namna ya aibu, kama mtoto anayemzungukazunguka mama yake jikoni.

Mzee Kasanda alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Kigoma na kazi ya reli. Alikuwa mshika bendera pale stesheni, na kofia yake ya kazi hakuivua hata akiwa nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha, wakati kila tawi la chama lilipotaka mchezo wake na wimbo wake, yeye ndiye aliyekusanya watu wanane na kuunda kikundi chetu. Akaandika michezo katika daftari la shule, akaigawa, akatufundisha. Mimi ni Mha, na Waha na Wanyamwezi ni watani. Najua nanyi mnataniana kutwa kwenye simu, lakini utani wetu ulikuwa na sheria na kazi yake. Mtani wako anaweza kukutukana sokoni ukacheka. Anaweza kuchukua kofia yako na usimdai. Na ukifa, ni wajibu wake kuja msibani, avae nguo zako, akuigize ulivyokuwa, ili waliobaki wapate kucheka kidogo katikati ya kilio.

Sasa fikirieni shida yangu. Mwalimu wako ni mtani wako. Akikuambia, "Wewe Mha, hata ukipewa nafasi ya maiti utatikisika," ucheke au urudi nyumbani ukalime? Nilimuuliza mara moja, "Mzee, huo ni utani au ni kweli?" Akaniambia, "Chagua kitakachokuuma kidogo." Miaka yote nilibaki hapo hapo, sijui nichague kipi.

Shule yake ilikuwa stesheni. Treni ikiingia, mimi na yeye tunasimama pembeni, watu wanashuka na mizigo yao, wengine wanakimbilia bandarini kuwahi meli. Watu wakishatawanyika anasema, "Nionyeshe yule mama wa kapu." Namwonyesha: bega la kushoto lilivyoshuka, alivyokuwa akikanyaga kwa kisigino kwanza kwa sababu kandambili imekatika. "Mwingine. Yule karani." Namwonyesha karani anavyokohoa kabla ya kusema lolote, hata kabla ya kusalimia. Wakati mwingine aliniuliza mtu wa wiki iliyopita, au wa mwezi uliopita, nami namtoa, maana watu walikuwa wakinikaa mwilini bila mimi kutaka. Nikishamaliza nasimama namtazama usoni, nangoja. Naye kila mara alisema maneno yale yale, huku akikunja bendera yake ya kijani: "Haya, mwingine."

Hilo lishikeni, vijana. Nyinyi mnajifunza kuigiza kwa kuwatazama waigizaji wengine kwenye simu, ndiyo maana wote mnalia namna moja. Nendeni stendi. Mtazameni mtu anavyohesabu watoto wake wakati wa kushuka.

Kwa kukumbuka watu nilikuwa sijambo. Kwa kukumbuka maneno ya mchezo nilikuwa balaa. Siwaambii hivi kwa unyenyekevu, watu wa Mwanga na Ujiji wa rika langu watawathibitishia. Ningeweza kukariri ukurasa mzima njiani, nikauimba kwa mke wangu, nikautamka nikioga ziwani, na nikipanda jukwaani ukanitoka wote mara moja. Ndiyo maana Mzee Kasanda alijipa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na daftari lake, ili aninong'oneze. Pazia letu lilikuwa kanga mbili zilizoshonwa pamoja, za mke wake, Bi Mwajuma. Bi Mwajuma alikaa pale pale kando yake akishika taa au kushona vitu vilivyochanika, na kwa kusikiliza tu aliijua michezo yote kuliko sisi wachezaji.

Kunong'oneza ni ufundi. Unamnong'oneza mwenzako wakati anavuta pumzi, siyo wakati anatoa. Unampa maneno matatu, siyo moja, kwa sababu moja litamtisha. Na anayenong'onezwa asigeuze shingo hata kidogo. Mimi nilijizoeza mpaka masikio na mdomo vikawa kitu kimoja: linalotoka nyuma ya pazia linapita moja kwa moja, halisimami kichwani kuulizwa habari zake. Nilijisifia sana ufundi huo. Mpaka siku moja tunacheza mbele ya wageni wa serikali, mimi ndiye mnyonyaji, natakiwa kumkaribisha mwenyekiti wa kijiji kwa maneno ya kumhonga. Maneno yakapotea. Mzee Kasanda akanipa mara ya kwanza, sikusikia kwa ajili ya upepo. Akanipa mara ya pili, hola. Mara ya tatu uvumilivu ukamwisha, akanong'ona, "Umesahau tena, punguani mkubwa wewe."

Nami nikafungua mikono, nikamtazama mwenyekiti wa kwenye mchezo, nikatamka kwa sauti ya kufika ziwani: "Umesahau tena, punguani mkubwa wewe!"

Watu walivunjika mbavu. Mgeni mmoja alimwambia mwenzake kwamba mchezo wetu una ukweli mkali. Nyuma ya pazia nilimsikia Bi Mwajuma akicheka mpaka taa ikatikisika, na Mzee Kasanda akimwambia anyamaze. Tulipomaliza nilimkimbilia nikiwa nimejaa furaha, nikadhani leo, leo ndiyo leo. Akanipita akaenda kukunja mikeka.

Mtaniuliza kwa nini nilikuwa mnyonyaji kila mara. Ni kwa sababu nilikuwa mwembamba. Mzee Kasanda alisema mtu mnene akiwekwa tumbo la bandia watu humwonea huruma, lakini mwembamba akitunishwa, tumbo linaonekana la wizi. Basi nikafungwa mto wa sufi, nikachorwa sharubu. Sharubu zilikuwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na mawese. Ni rangi nzuri sana kivulini. Juani mawese yanayeyuka, na kufikia katikati ya mchezo sharubu zilikuwa zimeshafika kidevuni na mnyonyaji amekuwa shehe. Kwa hiyo, nanyi mkikosa rangi ya dukani, pakeni masizi makavu juu ya mawese kidogo sana, mara mbili, na mngoje ikauke. Mimi nilichukua miaka mitatu kuligundua hilo, na aliyeligundua kwa kweli alikuwa Bi Mwajuma.

Mto wa sufi ulituponyoka siku tunapanda Kalinzi. Ulianguka kutoka kwenye lori sijui mlima gani, tulipofika kule juu watu wameshakaa na tumbo langu halipo. Tulikuwa tumechukua kiroba cha dagaa wakavu kama zawadi kwa wenyeji, maana kule wana kahawa na maharage lakini samaki wanatoka kwetu chini. Mimi kwa akili zangu nikasema, "Nifungeni dagaa." Wenzangu wakasita. Nikawahimiza. Nikafungwa kiroba kizima chini ya kanzu, na nasema kweli, lilikuwa tumbo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nalo, lilikuwa likitoa mlio nikigeuka.

Mbwa wa kwanza alikuja wakati najigamba kwamba mali yangu haitaguswa na mtu. Wa pili na wa tatu walikuja pamoja. Watu wakaanza kushangilia, wakidhani mbwa ni wa kikundi na tumewafundisha. Nilikimbia nikizunguka jukwaa mara mbili huku nikiendelea kusema maneno yangu, na siku hiyo ajabu ni kwamba sikusahau hata neno. Kiroba kikachanika. Zawadi ya wenyeji ikamwagika jukwaani, mbwa wakala, na wenyeji wakapiga makofi mpaka mikono ikachoka. Mwenyekiti wao akatushukuru akisema hajawahi kuona mwisho wa unyonyaji ulioonyeshwa wazi namna ile. Tulirudi bila kuwapa zawadi yoyote. Ndani ya lori nilikaa karibu na Mzee Kasanda makusudi. Njia nzima alisema neno moja tu, tena alipokwisha kuziba pua: "Sogea."

Siyo kila siku ilikuwa ya kucheka. Ulikuja wakati watu walihamishwa kupelekwa vijijini, nasi tukatumwa kuwachezea katika makazi yao mapya. Mchezo ulisema wamefurahi. Katika kijiji kimoja nyumba zilikuwa bado hazijaezekwa, na mama mmoja wa Kiha alinijia baada ya mchezo, nikiwa bado na tumbo langu. Alinisalimia vizuri kwanza, kisha akaniuliza, "Migomba yangu niliyoiacha kule, mchezo wenu unasemaje?" Hakuwa na hasira. Alikuwa amejishika kiuno kwa mkono mmoja, ule mwingine unapapasa hewani, kana kwamba anagusa majani. Niliona haya, na haya ile ninayo hadi leo.

Njiani Mzee Kasanda aliniambia, "Nionyeshe yule mama." Nikamwonyesha, mkono wa kiunoni na ule wa hewani. Akalifungua daftari lake. Mara iliyofuata tulipocheza, aliuondoa wimbo wa furaha wa mwisho, na mahali pake akaweka mama anayesimama namna ile bila kusema kitu. Alinipa mimi nafasi hiyo, nivae kanga. Hakukuwa na maneno ya kusahau, na hakuna aliyecheka. Nilidhani safari hii lazima atasema. Akasema, "Haya, mwingine."

Mzee Kasanda alifariki ghafla, Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Alikuwa amestaafu lakini alikwenda stesheni kila siku kuwakosoa waliompokea kazi. Habari iliponifikia nilikuwa napaa samaki, nikaendelea kuwapaa mpaka mke wangu akanishika mkono. Nilimlilia yeye, na acha niseme wazi, nililia pia kwa ajili yangu mwenyewe, kwa lile neno ambalo sasa lisingesemwa tena.

Siku ya kuanua tanga watu walikaa barazani kwenye mikeka, kina mama uani. Ndugu zake walikuwa wamekuja kutoka Tabora. Mmoja akanyanyuka, akatazama huku na huku. "Waha mko wapi? Au mnangoja afufuke ajiigize mwenyewe?" Watu wakanitazama mimi. Mtani wake wa karibu nilikuwa mimi, na kazi yangu ya maisha ilikuwa hiyo hiyo. Wakanipa kofia, filimbi na bendera ya kijani. Kofia ilikuwa bado na harufu ya mafuta yake ya nywele.

Nilikuwa nimewaigiza watu wote waliopita Kigoma isipokuwa huyu. Nikaweka kofia namna alivyoiweka, imelalia sikio. Nikatembea hatua zake fupi. Nikapuliza filimbi, nikawatazama ndugu zake kama abiria waliochelewa, nikawaamkia kwa Kinyamwezi chao. "Mwangaluka, nyinyi wa behewa la nyuma! Mmekuja kuzika au mmekuja kula?" Kicheko cha kwanza kilitoka uani, kwa kina mama. Nikapata nguvu. Nikawatukana wote waliostahili, kwa zamu, kwa sauti yake. Mwishoni jamaa mmoja wa kikundi chetu akapaza sauti: "Mzee Kasanda! Na yule Mha wako mwenye tumbo, unamsemaje?"

Watu wakacheka, wakangoja. Nami nikakauka. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Ningeweza kumtukana, matusi yake yote nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimevaa kofia yake, na nilitaka kusema ambalo angelisema kweli, na hilo sikulijua. Miaka ishirini na kitu nilikuwa sikulijua. Nikaona watu wanaanza kutazama chini, kunionea huruma.

Nyuma yangu ulikuwa mlango wa chumba alimokuwa Bi Mwajuma. Alikuwa ameanza eda, amekaa ndani na nguo zake nyeupe, haonekani. Mlangoni palining'inia pazia, na pazia lenyewe lilikuwa zile kanga mbili. Nikavuta pumzi. Wakati naivuta, nikasikia mnong'ono, taratibu, maneno matatu matatu, kama ipasavyo.

Masikio yangu na mdomo wangu vilifanya vilivyozoea. Sikugeuza shingo. Nikainua bendera, nikasema kwa sauti ya Mzee Kasanda, mtaa mzima ukisikia: "Yule Mha? Maneno hayamkai kichwani hata ukiyagongomea misumari. Lakini yeye akimwona mtu mara moja, hamsahau tena. Sijapata mwingine. Jioni nikirudi nyumbani ninamwigiza yeye, na siwezi kumpata vizuri."

Nilikuwa nimekwisha kuyatamka yote ndipo nikasikia nimesema nini. Watu walicheka kwa furaha, ndugu zake wakapiga makofi, mmoja akapiga kelele kwamba huyu ni Kasanda mwenyewe amerudi. Kutoka nyuma ya pazia Bi Mwajuma akaninong'oneza tena: "Endelea, mtani. Kuna zaidi aliyoyasema."

Sikuweza kuendelea. Nilikaa chini palepale kwenye mkeka, bendera mkononi, nikalia mbele za watu, mtani aliyekuja kuchekesha. Wanyamwezi wananicheka kwa hilo hadi leo, na ni haki yao.

Basi vijana wangu, yule Mmarekani wenu nasikia amepewa tuzo nyingi, watu wakisimama kumpigia makofi. Na mimi nilisifiwa, mara moja, na mwalimu wangu. Ila sifa zenyewe ilibidi nizitamke mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimevaa kofia yake, tena baada ya kusahau maneno.